Mtu Aliyeyasoma Mawe

Msomaji wangu, huenda umewahi kunakili somo kutoka katika daftari la mwenzako. Mwalimu aliandika ubaoni siku ambayo wewe hukuwapo. Basi ukaazima daftari la jirani, ukanakili mpaka nukta ya mwisho. Sisi walimu twaijua sana kazi ya namna hii. Mara nyingi nimekaa usiku kusahihisha madaftari, nikakuta mwaka umekosewa katika daftari la kwanza, na kosa lile lile limo katika la pili na la tatu, mpaka la ishirini. Wanafunzi ishirini wanashikilia kwamba jambo fulani lilitukia katika mwaka ambao halikutukia. Nawe ukiwauliza ushahidi, kila mmoja humtaja mwenziwe. Kosa la mtu mmoja, likinakiliwa na wengi, huvaa nguo za ukweli.

Insha hii yahusu maisha ya mtu aliyetumia miaka mingi ya umri wake kupigana na makosa ya namna hiyo. Jina lake ni Theodor Mommsen, Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1817 na kufariki mwaka wa 1903. Alikuwa mwanahistoria, na alikuwa mwanasiasa pia. Watu wengi hudhani kwamba kazi hizo mbili hazipatani: ya kwanza yataka utulivu wa vitabu, ya pili yataka kelele za mikutano. Lakini katika maisha ya Mommsen twaona kwamba zote mbili zilitaka kanuni moja tu, nayo ni hii: usitoe neno juu ya jambo mpaka umeliendea na kulitazama kwa macho yako. Kwa kuifuata kanuni hiyo alipata ukubwa. Siku alipoisahau, alianguka kama mtu mwingine yeyote. Yafaa tuyatazame yote mawili.

Mommsen alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1817, katika mji mdogo wa Garding, jimbo la Schleswig. Wakati huo jimbo hilo lilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, ingawa wakazi wake wengi walisema Kijerumani. Baba yake alikuwa kasisi wa Kiprotestanti asiyekuwa na mali nyingi, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani masomo ya kwanza pamoja na lugha za kale. Baadaye kijana alipelekwa shule huko Altona, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Kiel mwaka wa 1838 kusoma sheria. Wakati ule mtu hakuweza kuisoma sheria ya Ulaya pasipo kuisoma sheria ya Warumi wa kale. Na kwa njia hiyo Roma ilimshika kijana huyu, isimwachie tena maisha yake yote. Alimaliza masomo yake mwaka wa 1843, akapewa na serikali ya Denmark fedha za kusafiri Italia.

Hapa ndipo kazi yake kubwa ilipoanza. Warumi walikuwa watu wa kuandika juu ya mawe na juu ya shaba. Sheria ikipitishwa, waliichora. Askari akifa, kaburi lake liliandikwa jina lake, jina la baba yake, kikosi alichotumikia na idadi ya miaka aliyoishi. Barabara ikijengwa, waliweka mawe ya kuhesabia maili, yenye jina la mtawala aliyeamuru ujenzi. Hata mtumwa aliyeachwa huru alijiandikia jiwe lake. Vitabu vya kale vyatupa habari za majemadari na wafalme. Bali mawe yatupa habari za mhunzi, muuza mikate, mjane na mlinzi wa mpaka. Maandishi hayo yalikuwa yametapakaa katika nchi zote zilizokuwa chini ya Roma, mengine katika kuta za makanisa, mengine yamegeuzwa ngazi za nyumba au mabirika ya kunyweshea mifugo.

Wataalamu waliotangulia walikuwa wameyakusanya mengi katika vitabu, lakini taabu ilikuwa ile ile ya madaftari yetu. Mmoja alinakili jiwe vibaya; wa pili akamnakili wa kwanza; wa tatu akasahihisha kwa kubahatisha. Tena walikuwapo waongo hasa. Katika karne ya 16 Pirro Ligorio, msanifu wa majengo aliyejulikana sana mjini Roma, alitunga maandishi mengi yasiyokuwapo juu ya jiwe lolote, akayatia katika mikusanyo yake pamoja na yale ya kweli. Karne tatu zilipita, na wanachuoni bado walikuwa wakijenga hoja zao juu ya mawe hayo ya hewa.

Mommsen alikwenda San Marino kwa mzee Bartolomeo Borghesi, bingwa wa elimu ya maandishi hayo, akajifunza kwake. Kisha akazunguka katika ufalme wa Naples, kusini mwa Italia, kijiji kwa kijiji, akiyatafuta mawe yenyewe. Kazi yake ilitaka subira. Mtu hulisafisha jiwe, hungoja jua liwe la upande ili vivuli viingie katika herufi zilizofutika, kisha husoma herufi moja moja. Katika kazi ya namna hii hutumika pia karatasi iliyoloweshwa maji: hubandikwa juu ya jiwe na kupigwapigwa kwa brashi mpaka iingie katika michoro, ikikauka, huwa imechukua umbo la kila herufi, na mtu aweza kuibeba mpaka nyumbani na kuisoma tena. Kitabu chake cha maandishi ya Naples kilitoka mwaka wa 1852. Ndani yake yale yaliyothibitika yaliwekwa mahali pake, na yale ya uongo yalitengwa peke yake, ili msomaji asidanganyike tena.

Tangu mwaka wa 1847 alikuwa amekwisha kuipelekea Akademia ya Sayansi ya Prussia, mjini Berlin, mpango wa kukusanya maandishi yote ya Kilatini katika nchi zote zilizotawaliwa na Roma. Wako waliopinga. Walisema kazi ingekwisha upesi, tena kwa gharama ndogo, kama ingefanywa kwa kuvipitia vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Mommsen hakukubali: vitabu hivyo ndivyo vilivyokuwa na ugonjwa, na mgonjwa hawezi kuwa dawa. Baada ya miaka ya ubishi Akademia ilimkabidhi kazi hiyo. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1863. Sehemu ya nane, iliyotoka mwaka wa 1881, ilikuwa ya Afrika ya Kaskazini, nchi za Tunisia na Algeria za leo. Mtaalamu aliyesafiri huko, Gustav Wilmanns, alikuwa amefariki mwaka wa 1878, na Mommsen akaimaliza kazi ya mwenziwe. Leo mkusanyo huo una sehemu 17 na maandishi yapata 180,000, na hakuna anayeiandika historia ya Roma pasipo kuufungua.

Usidhani, msomaji, kwamba mtu huyu alijificha nyuma ya mawe yake. Mwaka wa 1848 watu wa Ujerumani, nchi iliyokuwa imegawanyika katika falme nyingi ndogo, walinyanyuka kudai katiba, bunge na umoja wa taifa. Mommsen aliiweka kando kazi yake ya kale, akaandika katika gazeti huko Rendsburg kuitetea haki ya watu wa jimbo lake. Mwishoni mwa mwaka huo akapewa ualimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Leipzig, katika ufalme wa Saxony. Mwaka uliofuata wafalme wakaikataa katiba iliyotungwa na bunge la taifa mjini Frankfurt. Watu wa Saxony wakaasi mwezi wa Mei, na Mommsen pamoja na walimu wenziwe Otto Jahn na Moriz Haupt wakasimama upande wa katiba. Uasi ulivunjwa kwa nguvu. Walishitakiwa, na ijapokuwa hatimaye mahakama haikumtia Mommsen hatiani, mwaka wa 1851 serikali iliwafukuza kazi wote watatu.

Fikiri jinsi ilivyokuwa. Mtu wa miaka thelathini na mitatu, mtoto wa kasisi asiye na urithi, amepoteza cheo alichokisomea kwa taabu, kwa sababu ya neno ambalo angeweza kulinyamazia. Lakini akiba haiozi, na elimu ni akiba. Alipata kazi Zürich, nchini Uswisi, mwaka wa 1852. Kisha Breslau mwaka wa 1854. Na mwaka wa 1858 akaitwa Berlin, ambako alikaa mpaka mwisho wa maisha yake. Katika miaka hiyo ya kuhamahama, kati ya 1854 na 1856, alitoa mabuku matatu ya Historia ya Roma yaliyompa jina ulimwenguni. Mwaka wa 1854 pia alimwoa Marie Reimer, binti wa mchapishaji wake, wakajaliwa watoto kumi na sita.

Kitabu hicho kiliwashangaza wasomaji. Wanahistoria wengi wa zamani waliandika juu ya Warumi kana kwamba walikuwa sanamu za marumaru. Mommsen aliwapa nyama na damu: walikopa, walidaiwa, walihongana, waligombania mashamba na kura. Alimsifu mno Julius Caesar, na alimdharau mno Cicero. Wako waliomlaumu kwamba anawafundisha watu kupenda udikteta. Naye akaongeza maneno katika chapa iliyofuata kueleza kwamba kumsifu mtu yule mmoja, katika wakati wake, si kuusifu utawala wa mtu mmoja katika nyakati zote. Hata hivyo lawama hiyo haikuwa bure kabisa. Mtu aliyeshindwa mwaka wa 1849 alikuwa akiitazama Roma kwa macho yenye machozi ya wakati wake mwenyewe. Nawe ukisoma historia yoyote, jiulize daima mwandishi alikuwa amesimama wapi alipokuwa akiandika.

Historia hiyo ilikoma kwenye ushindi wa Caesar. Mwaka wa 1885 alitoa buku la tano, lihusulo majimbo ya dola ya Roma. Bali buku la nne, la historia ya makaisari wenyewe, hakulitoa kamwe. Ni mwaka wa 1992 tu ndipo mafunzo yake juu ya makaisari yalipochapwa, kutokana na madaftari ya waliomsikiliza darasani. Hapo daftari la mwanafunzi mwangalifu lilikuwa hazina! Hata moto ulimjaribu. Usiku wa tarehe 12 Julai, 1880, nyumba yake huko Charlottenburg, kando ya Berlin, iliungua. Mzee alipata majeraha kwa kujaribu kuviokoa vitabu vyake. Na miongoni mwa vilivyoteketea zilikuwamo hati za kale alizoazima, zisizoweza kupatikana tena. Aliyefundisha kwamba chanzo cha asili hakina badala, aliviona vyanzo hivyo vikigeuka majivu mikononi mwake. Alirudi mezani akaendelea na kazi.

Katika siasa aliingia Bunge la Prussia mara mbili, tangu 1863 mpaka 1866 na tangu 1873 mpaka 1879, kisha akawa mjumbe wa Reichstag, Bunge la Ujerumani nzima, tangu 1881 mpaka 1884. Alikuwa upande wa waliotaka uhuru wa raia na mamlaka ya bunge. Aliyesimama mbele yao alikuwa Otto von Bismarck, yule yule ambaye wewe umemsoma katika habari za mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliohusu ugawaji wa Afrika. Mommsen aliufurahia umoja wa Ujerumani ulioletwa na Bismarck mwaka wa 1871, lakini hakuifurahia namna alivyolitiisha bunge. Katika uchaguzi wa 1881 alisema hadharani kwamba siasa ya uchumi ya serikali, pamoja na ushuru wake wa forodha, ni ya ulaghai. Bismarck akamshitaki kwa kumkashifu. Mwanachuoni mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini akasimama kizimbani kama mhalifu, hatimaye akaachiliwa.

Lakini jaribio lililo kubwa kuliko hilo lilitoka ndani ya chuo chake. Mwezi wa Novemba, 1879, Heinrich von Treitschke, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Berlin na mjumbe wa Reichstag pia, alichapa makala ya kuwashambulia Wayahudi wa Ujerumani. Alidai kwamba kila mwaka wanamiminika kwa wingi kuvuka mpaka wa mashariki, na akawaita balaa kwa taifa. Maneno ya mitaani, yakitoka kinywani mwa mwalimu mkuu, yalipata heshima ambayo hayakuwa nayo. Ombi la kuwapunguzia Wayahudi haki zao lilizungushwa nchini na kutiwa sahihi za watu yapata robo milioni.

Je, ni nani aliyekwenda kulitazama jiwe lenyewe? Daktari mmoja wa Berlin, Salomon Neumann, alizichukua hesabu za serikali, akaonyesha katika kijitabu cha mwaka wa 1880 kwamba mmiminiko huo ulikuwa hadithi tu. Mommsen naye hakunyamaza. Mwezi wa Novemba, 1880, alitia sahihi pamoja na watu wengine mashuhuri tamko la kulaani chuki hiyo, kisha akaandika kijitabu chake cha kumjibu Treitschke. Aliandika kwamba Wayahudi wa Ujerumani ni Wajerumani kama yeye alivyo, na kwamba kuwachochea walio wengi juu ya walio wachache ni kuanzisha vita ndani ya nyumba. Urafiki wake na Treitschke ukafa.

Sitaki nikufiche upungufu wake. Katika kijitabu hicho hicho aliwashauri Wayahudi waache baadhi ya yale yaliyowatenga na wenzao, na wengi kati yao waliumia kusikia kwamba usawa una bei. Kosa lililo baya zaidi alilitenda mwaka wa 1897. Katika dola ya Austria kulikuwa na ugomvi juu ya lugha: serikali iliamuru kwamba watumishi wake huko Bohemia wajue Kicheki pamoja na Kijerumani. Mommsen, akiwa Berlin, aliandika barua katika gazeti la Vienna kuwahimiza Wajerumani wa huko wawe wakali, akasema kwamba vichwa vya Wacheki haviingii akili bali huelewa mapigo. Mzee wa karibu miaka themanini, aliyewatetea walio wachache nchini mwake, aliwatukana jirani zake kwa sababu walitaka lugha yao iheshimiwe ofisini. Ni jiwe gani alilolisoma siku ile? Hakulisoma lolote. Alinakili daftari la chuki la wenziwe, kosa lile lile alilolikataa maisha yake yote.

Nalitaja jambo hilo ili upate kujua kwamba kanuni njema haimlindi mtu aliyeifuata jana; sharti aifuate leo tena, na hasa wanapotajwa watu asiowapenda.

Mwaka wa 1902 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, akiwa mtu wa pili kuipata tangu ilipoanzishwa, kwa ajili ya kazi zake za historia, na hasa ile Historia ya Roma. Mpaka leo hakuna aliyepata tuzo ya Nobel ya aina yoyote ambaye alizaliwa kabla yake. Katika mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo, badala ya kupumzika katika sifa, aliandika makala ya kuwataka watu wa chama chake washirikiane na chama cha wafanyakazi ili kulilinda bunge. Alifariki tarehe 1 Novemba, 1903.

Miaka minne kabla ya kifo chake alikuwa ameandika wasia, ambao ulichapwa mwaka wa 1948. Waliousoma walishangaa. Mtu aliyesifiwa na ulimwengu mzima alisema humo kwamba hakuridhika na maisha yake, kwa maana alitamani kuwa raia kamili, na taifa lake halikumpa nafasi hiyo: Wajerumani, alivyoona yeye, walijua kutii kama askari katika safu, lakini walikuwa hawajajua kujitawala. Kufikia mwaka huo wa 1948 Ujerumani ilikuwa imelala katika vifusi. Maneno ya Treitschke juu ya Wayahudi yalikuwa yamechapwa kwa miaka mingi kama mwito katika gazeti la Wanazi, na mamilioni ya Wayahudi walikuwa wamekwisha uawa. Lililoanza kama makala ya mwalimu, likanakiliwa na wengi wasiouliza, lilikuwa limefika huko.

Basi, msomaji wangu, utakapoazima tena daftari la mwenzako, azima. Hakuna ubaya katika kusaidiana. Lakini ukifika penye mwaka, au penye hesabu, au penye neno linalomhukumu mtu au kabila la watu, simamisha kalamu yako. Uliza: ni nani aliyeliona? Lipo wapi jiwe? Na kama jiwe halipo, acha nafasi tupu katika ukurasa wako. Mimi mwalimu wako nitakuwekea alama kwa nafasi hiyo tupu kabla sijamwekea aliyeijaza kwa uongo.